Siku Niliyomwaga Mafuta ya Mzee Magesa

Juzi nimegombana na mwenye duka mmoja pale Mwisenge. Nilikwenda kununua chumvi tu. Nikaona dumu la mafuta ya kupima limewekwa dirishani, jua la Musoma linalipiga tangu asubuhi, mfuniko umeegeshwa hivi hivi. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo dumu lako limeshaoza." Akacheka. "Mama, mafuta hayaozagi. Yanaishaga tu." Nikamwambia afungue anuse. Akafungua, akanusa, akakunja uso, akalifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mna mtu. Lakini je, alilitoa dirishani? Hakulitoa. Kesho yake nilipita makusudi, nikalikuta palepale.

Kwa hiyo nyie mnaobaki majikoni, mlioniaga kwa keki na kitenge na hotuba ndefu, mkaniomba niwaandikie yale niliyokuwa nawapigia kelele kila siku, haya, kaeni. Sitawaandikia nilivyopanda cheo. Cheo cha jikoni kinajulikana: unatoka kwenye kuni unakwenda kwenye mwiko, unatoka kwenye mwiko unakwenda kwenye ufunguo wa stoo, basi, umefika. Nitawaandikia mafuta. Na nitawaandikia ile siku ambayo najua mnasimuliana vibaya, kwamba Nyangeta alimvunjia heshima mzee wake mbele ya watu. Nyangeta ndiye mimi. Someni kwanza, halafu mseme.

Kwetu ni Buswahili, Butiama, kwa watu wa jembe na mihogo. Mafuta nilikuwa nayajua kama kitu cha kijiko kimoja siku ya wageni. Nilipomaliza darasa la saba, shangazi yangu akanichukua Musoma. Alikuwa na kibanda chake hapo Mwisenge, anakaanga sato na sangara barazani kwake, na watu wa ofisini walikuwa wanapanga foleni. Siku ya kwanza nilijiona mjanja. Nikaona mafuta ya jana yamebaki kwenye karai, meusi kidogo, nikaona dumu jipya halijajaa, nikamimina yale kwenye hili. Nilidhani nabana matumizi. Nikasubiri kusifiwa.

Shangazi hakunipiga. Alinishika mikono akanigeuzia viganja juu. Kiganja cha kulia akanidondoshea mafuta ya dumu ambalo sikuligusa, cha kushoto yale niliyoyachanganya. "Sugua," akasema. "Kila mkono na kitambaa chake, sugua mpaka upate moto. Sasa nusa." Mkono wa kulia haukuwa na habari, ulinuka mbegu kwa mbali. Wa kushoto ulinuka rangi ya kupaka milango, na karanga zilizosahaulika kwenye gunia toka msimu uliopita. Mpaka leo hiyo ndiyo maabara yangu. Mafuta ya baridi yanaficha harufu, ukiyapasha moto mkononi yanasema.

Akanifundisha na mengine, kidogo kidogo, katikati ya matusi yake ya kawaida. Nusa mdomo wa dumu na upapase kwa kidole: ukikuta utando unaonata kama ulimbo, hayo yameanza safari. Onja tone moja ulimini, ukisikia uchungu na koo linakwaruzwa, tema. Ukiweka kwenye karai yakaanza kutoa moshi kabla hata samaki hajagusa, au yakafanya povu ambalo halizimiki hata ukitoa samaki, au yakachuruzika mazito kama uji uliolala, hayo kazi yake imekwisha. Na usije ukanidanganya kwa kitunguu. Kuna watu wanachoma kitunguu na tangawizi kwenye mafuta yaliyooza wanasema wamekata harufu. Wamekata harufu, uozo uko palepale umevaa shati jipya.

Lakini msinisome nusu nusu mkaenda kumwaga mali ya watu. Mafuta yakiganda asubuhi ya baridi, au yakafanya ukungu mweupe, hayajaharibika. Yasogezeni mahali pa joto yatalegea yenyewe. Nimewahi kumkuta mpishi anataka kutupa dumu zima zuri kwa sababu ya ukungu, huku lile bovu kweli analikumbatia kwa sababu linang'aa. Macho ni shahidi dhaifu kwenye mambo ya mafuta.

Baadaye nikapata kazi Bunda, jikoni kwa shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Hapo ndipo nilipomkuta Mzee Magesa.

Mzee Magesa alikuwa mtu wa Mugeta, mtu wa ng'ombe, mrefu, mabega kama mlango. Ndiye aliyekuwa mpishi mkuu. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo baba," akasema, "Marahaba binti yangu, unajua kuwasha kuni mbichi?" Nikasema najua. Akasema, "Uongo, hakuna anayejua, njoo nikuoneshe." Na kweli sikuwa najua. Alinifundisha kusonga ugali wa shule nzima bila buje hata moja la unga mbichi, ukiwa umesimama juu ya kigoda na mwiko unaolingana na wewe urefu. Alinifundisha kusikiliza maharage. Maharage mabichi yanagonga sufuria, yaliyoiva yananong'ona. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake mbali na jiko, anapiga stori za ng'ombe wake, ghafla anasema, "Epueni," na ukienda kuonja unakuta yameiva wakati ule ule. Nilimpenda yule mzee. Nalisema wazi mapema ili nikifika kwenye ugomvi msije mkasema nilikuwa na kinyongo.

Stoo yake ilikuwa na pipa la chuma la mafuta ya pamba, maana Bunda ni pamba, na mafuta ya mbegu zake yalikuwa yanapatikana kirahisi. Mafuta yakiletwa yanamiminwa kwenye pipa, na sisi tunachota kwa kopo. Wiki yangu ya kwanza pipa lilikaribia kuisha. Nikachukua sabuni na maji ya moto nikalisogelea. Mzee akaruka kitini.

"Unafanya nini?"

"Naosha pipa, baba, kabla hawajaleta mengine."

"Pipa hatuoshagi! Wewe kwenu hamna kibuyu?"

Hapa lazima nieleze, maana wengine wenu mmekulia kwenye maziwa ya pakiti. Kwetu Mara, kibuyu cha maziwa ya mgando hakimalizwi. Unabakiza kidogo chini, ndiyo mbegu. Maziwa mapya yakimiminwa juu yake, ile mbegu inayageuza, yanakuwa matamu. Mwanamke anayekausha kibuyu mpaka mwisho anaonekana hajafundwa. Sasa Mzee Magesa alilichukua pipa lake akaliona ni kibuyu. "Yale ya chini ndiyo yanayoyafundisha mapya," akaniambia. "Pipa lenye mbegu halina wasiwasi."

Mtu wa Tanga asingefanya kosa hilo. Ni kosa letu sisi, watu wa maziwa, na nalipenda hata kama ni kosa, kwa sababu lina mantiki yake. Shida ni moja. Maziwa yana mbegu, mafuta hayana. Yale yanayobaki chini yameshapigwa na hewa, yameshapigwa na joto, yamelala na kutu na maji maji na vumbi la kopo. Ukimimina mapya juu yake, hayafundishwi chochote cha maana, yanaambukizwa. Dumu zuri lililotoka kiwandani jana linaanza kuzeeka siku hiyohiyo. Nilimwambia. Akasema mimi ni mtu wa samaki, nimezoea karai, pipa sitaliweza. Nikarudisha sabuni mahali pake. Nilikuwa mgeni, na yeye ndiye mwenye jiko.

Tukakaa hivyo muda mrefu. Mimi nikawa nakula kwa macho tu yale maharage. Wanafunzi wakawa wanayaacha. Ukipita bwalo baada ya chakula unakuta ugali umeliwa mtupu kwa chumvi, maharage yamesukumwa pembeni. "Yanakwaruza," walisema. Wengine wakawa wanaharisha. Mzee akasema watoto wa siku hizi wamedeka, na wanaharishwa na maembe mabichi ya jirani. Kwamba walikuwa wanaiba maembe, hilo ni kweli kabisa, siwatetei.

Halafu likaja lile dumu.

Gari lilileta mafuta kutoka Musoma, na dumu mojawapo lilikuwa limebeba mafuta ya taa kabla ya kupewa kazi ya mafuta ya kula. Kabla hata mfuniko haujatoka vizuri, stoo nzima ilinuka kibatari. Sisi wapishi tulikuwa tumesimama mlangoni, mwenzangu mmoja akaziba pua na upande wa kanga. Mzee akainama, akavuta pumzi ndefu juu ya lile dumu, akainuka. "Safi kabisa," akasema. "Mimineni."

Wenzangu wakaangua kicheko. Walidhani mzee anatania, maana alikuwa mtu wa utani. Mimi nilikuwa namwangalia usoni. Hakuwa anatania. Nilimwona anatupitia macho mmoja mmoja, haraka, anatafuta tunacheka nini. Alipoiona ile pua iliyozibwa na kanga, ndipo na yeye akacheka. Alicheka baada yetu. Akasema, "Rudisheni hilo, nilikuwa nawapima," na watu wakazidi kucheka.

Kuanzia hapo kila kitu nilichokuwa nimekiona bila kukielewa kikajipanga. Kumbe ndiyo maana kila siku anatuuliza, "Haya, niambie, hili linanukaje?" na sisi tunadhani ni mwalimu anatutahini. Kumbe ndiyo maana anakaa mbali na jiko anasikiliza. Yule mzee hakuwa anasikia harufu ya kitu chochote duniani.

Nilimfuata mchana, nyuma ya jiko, alikokuwa anapasua kuni. Nikamwamkia, nikasimama.

"Baba," nikamwambia, "wewe husikii harufu."

Shoka likabaki juu. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimekuona kwenye lile dumu."

Akalishusha shoka taratibu, akalikita kwenye gogo. "Wewe binti una macho mabaya," akasema. Akakaa juu ya kuni. Nikamuuliza tangu lini.

"Sijui. Kitu kikiondoka polepole hujui kimeondoka siku gani. Nilienda nyumbani likizo, asubuhi nikaingia zizini. Nikasimama. Ng'ombe nawaona, nawasikia, lakini zizi halipo. Nikasema ni mafua, yataisha. Nimesubiri yaishe mpaka leo."

Nilitaka kulia, lakini nilikuwa na hasira pia, na hasira ndiyo iliyowahi kufika mdomoni. "Na pipa, baba? Unajuaje pipa?"

"Pipa nililinusa wakati pua ipo. Yale ya chini nayajua, yalikuwa mazuri. Yanayokuja juu yake nayaamini kwa sababu ya yale."

Mnaelewa alichosema? Lile pipa lilikuwa kitu cha mwisho alichokinusa akakiamini. Alikuwa ameshikilia mafuta yale kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Nilielewa, na hata hivyo sikukubali.

"Baba, yale ya chini yalikufa zamani. Yanaua na haya ya juu. Watoto wanaumwa matumbo. Tuyamwage, tuoshe."

"Ukiyamwaga wataniuliza nilikuwa wapi. Nitajibu nini? Mpishi mkuu asiyesikia harufu ni dereva asiyeona. Nitafukuzwa, Nyangeta. Mugeta kuna watu wananiangalia mimi."

"Na watoto hawa wanamwangalia nani?"

Akasimama. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomzoea. "Ukiligusa pipa langu," akasema, "tusijuane."

Niliondoka. Nawaambia ukweli, nilijaribu kumwonea huruma nikanyamaza. Nikajaribu siku kadhaa. Kila nikichota kwa lile kopo harufu inanipanda kichwani, natia maharage, nafumba macho. Mpaka asubuhi moja nikaambiwa wasichana wa bweni moja wamelala chumba cha wagonjwa wamejikunja, tangu chakula cha jana. Nikaenda kuwaona. Mmoja alikuwa ameshika tumbo anasema, "Mama Nyangeta, si mtuwekee hata chumvi tupu." Chumvi tupu! Mtoto wa watu anaomba chumvi tupu kwa sababu mimi namwekea uozo huku najua.

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka stoo. Nikaliinamisha pipa, nikalizungusha kwa ukingo wake, nikalitoa nje mpaka kwenye shimo la takataka, nikalilaza. Mafuta yakatoka meusi, yananata, yana vipande vipande chini kama tope la mfereji. Wenzangu wakapiga kelele, "Nyangeta, umechanganyikiwa?" Mzee Magesa akatokea mlangoni mwa jiko. Alisimama tu akanitazama namwaga.

Mkuu wa shule alikuja mbio, tulikuwa tunamwita Madam. Ni mama mmoja wa haki, hilo nitamsemea popote. Lakini ungekuwa wewe, ukute mpishi anamwaga mafuta ya shule shimoni, ungeanza na haki?

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna, Madam. Yameoza."

"Yameoza, au umegombana na mzee?" Akaniamuru ninyanyue pipa, yabaki yaliyobaki. Akachukua kikombe akachota, akanusa, akakunja uso. "Mimi nimelelewa na samli," akasema. "Haya ya pamba kwangu yote yananuka. Siwezi kuamua kwa pua yangu." Akageuka. "Mzee Magesa, wewe ndiye mwenye jiko. Nusa, utuambie. Kama ni mazuri, huyu anafungasha leo hii. Kama ni mabaya, nataka kujua yamefikaje hapa."

Akampa kikombe.

Wapishi wote walikuwa pale. Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akakipeleka puani, akavuta pumzi. Akavuta tena. Halafu akanyanyua macho akaanza kutupitia usoni, kama siku ile ya dumu, akafika kwangu. Ningeweza kumkonyeza. Kope moja tu, angejua la kusema, na sote tungepona siku hiyo. Sikumkonyeza. Nilimwangalia machoni nikajikaza, nikasema moyoni, baba, leo usitafute jibu kwangu. Nilikuwa na uchungu naye na nilikuwa naogopa, maana neno lake moja na mimi narudi Buswahili na fuko langu.

Akakishusha kikombe.

"Madam," akasema, "sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui yananukaje. Sisikii harufu. Pua yangu ilikufa zamani, nikawaficha." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaagiza kuni. "Lakini huyu anasikia. Kama anasema yameoza, yameoza. Aliniambia tuoshe, mimi ndiye niliyekataa."

Madam alimgeukia. Halafu akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza, "Basi mzee wangu, umefanya kazi ya kutosha. Kapumzike. Nyangeta, pokea funguo za stoo."

Mzee akaanza kufungua kamba ya funguo mkandani. Vidole vilikuwa haviipati ile kamba.

"Sipokei," nikasema.

Madam akageuka. "Umesemaje?"

"Funguo sipokei, Madam. Nimemwaga mafuta, sijammwaga mzee." Sijui maneno yale yalitoka wapi, lakini yalipoanza hayakusimama. "Pua ninayo mimi, sawa. Ugali wa shule nzima nani anaujua? Maharage nani anayasikia yakiiva? Hawa wote hapa, na mimi mwenyewe, nani aliyetufundisha kushika mwiko? Mkimtoa yeye kwa sababu hana pua, nitoeni na mimi kwa sababu sina masikio yake. Na mchana wa leo mtapika wenyewe."

"Unaniamuru?"

"Sikuamuru, Madam. Nakwambia."

Niliposikia sauti yangu mwenyewe nikaogopa. Nilikuwa mpishi msaidizi mwenye kanga iliyolowa mafuta, nasimama nabishana na mkuu wa shule kando ya shimo la takataka. Lakini sikurudi nyuma, na leo pia sirudi. Madam alitazama jiko. Moto ulikuwa umeanza kufa chini ya masufuria.

"Chakula cha mchana kinakuwa tayari saa ngapi?" akauliza, hakumtaja mtu.

"Kama tunaongea hapa," Mzee Magesa akajibu, "hakuna."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia akacheka. Madam naye mdomo ukamcheza. Akasema, "Funguo abaki nazo mzee. Mafuta yasiingie stoo kabla Nyangeta hajayanusa. Na hao watoto wagonjwa nataka wapikiwe uji sasa hivi." Akaondoka zake. Siku ile maharage yaliliwa bila tone la mafuta, na yaliisha yote.

Mzee hakuongea na mimi siku hiyo, wala siku zilizofuata. Tuliliosha pipa kwa maji ya moto, majivu na sabuni, tukaliinamisha juani, halafu nikasema chuma chenye kutu hakifai tena, libebe maji ya kuzimia moto. Tukaanza kutumia madumu. Na hivi ndivyo tulivyoweka toka hapo, nanyi wekeni hivyo hivyo: chumba chenye giza, mbali na jiko, juu ya chaga za mbao, yasikae sakafuni wala ukutani kunakochomwa na jua la jioni. Unafungua dumu moja tu, likipungua nusu unahamishia kwenye chombo kidogo kijae mpaka shingoni, maana pale penye nafasi ndipo hewa inapokaa inayala. Chombo kikiisha kioshwe, na kikauke kabisa, maji nayo ni adui. La zamani litangulie mbele, jipya likae nyuma yake. Yaliyokaangiwa yasirudi kwa mabichi hata kwa kijiko. Na dumu usilolijua lilibeba nini zamani, usilipokee hata kama unapewa na mjomba wako.

Sasa wale mnaosema nilimvunjia heshima. Ningemheshimuje? Nimwache aendelee kusoma nyuso zetu kila siku, anaogopa kila gari la mafuta linaloingia getini, na watoto wanajikunja kwa matumbo, halafu mimi niitwe binti mwenye adabu? Adabu ya hivyo sina, na sikuitafuta. Ningeamka kesho nikakuta lile pipa, ningelimwaga tena, na yeye akiwa amesimama palepale. Na funguo ningezikataa tena. Yote mawili nayasimamia, msinikatie moja mkaniachia jingine.

Na kama bado mnabisha, msiniulize mimi, tazameni alichofanya yeye. Gari lililofuata lilikuja na madumu mapya. Dereva alikuwa mgeni, kijana mwenye haraka, anashusha huku anataka kusainiwa aondoke. Mzee akamsimamisha. Akaniita kwa sauti ya jiko zima, "Nyangeta!" Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile. Nikaja, nikamwamkia, nikafungua la kwanza, nikasugua kiganjani, nikanusa. Zuri. La pili, zuri. La tatu lilikuwa na ile harufu ya rangi ya milango. Nikatikisa kichwa.

Dereva akalalamika. "Mzee, wewe ndiye mkubwa hapa. Mbona hunusi mwenyewe? Hili ni zima, huyu mama anasumbua tu."

Mzee Magesa alichukua mfuniko mkononi mwangu, akalifunga lile dumu, akalikaza, akalinyanyua yeye mwenyewe akalirudisha ndani ya gari. Halafu akaanza kucheka. Alicheka wa kwanza, peke yake, kwa nguvu, mpaka akashika mlango wa gari, akanyoosha kidole kunionesha mimi.

"Kijana, rudi nalo Musoma," akasema. "Pua yangu imelikataa."